Kijiji chako kiko bondeni au mlimani?

Jumapili mchana simu yangu iliita. Alikuwa binti wa kaka yangu, yuko darasa la sita kule Lushoto wanakoishi. Huyu akipiga simu mwenyewe ujue ana shida, kwa sababu salamu za kawaida hutumwa kupitia kwa mama yake.

"Shikamoo shangazi. Mwalimu ametuambia tuandike jiografia na historia ya kijiji tunachotoka. Baba kasema nikuulize wewe, eti wewe ndiye mwandishi."

"Marahaba. Kijiji kipi sasa?"

"Si Mazinde, kwa babu."

Nilicheka. Mimi huandika habari za chanjo, kliniki za wajawazito na lishe ya watoto. Historia niliiacha kidato cha nne. Lakini nilimkubalia, na ningekataa vipi wakati Mazinde ni kwetu sote? Nikamwomba siku tatu. Nikasoma, nikampigia baba yangu mara mbili usiku, nikauliza maswali ambayo sikuwahi kumuuliza kwa miaka yote niliyokula ugali wake. Kazi ya darasa la sita ikanigeukia ikawa makala ya wiki hii, na mwisho wake, mzazi mwenzangu, ni kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa.

Tuanze na mahali penyewe. Ukitoka Korogwe kwa barabara kuu ya kwenda Same na Moshi utapita Mombo, pale magari ya Lushoto yanapokata kulia kupanda mlima. Wewe usikate, nyoosha. Baada ya Mombo utaiona Mazinde, kijiji kilichokaa kwenye tambarare chini kabisa ya milima ya Usambara Magharibi, na mbele yake ni jirani yake Mkumbara. Upande mmoja una ukuta wa mlima, umesimama kama nyumba ya ghorofa isiyo na ngazi. Upande mwingine ni bonde la mto Mkomazi, unaoteremka kuungana na mto Pangani. Reli na barabara zimepita katikati, na mkonge umezunguka.

Juu ya ule ukuta kuna Mazinde nyingine, Mazinde Juu, ambayo iko wilaya ya Lushoto. Ukisimama ukingoni unaiona Mazinde ya bondeni yote, magari yanakwenda kama vichezeo vya watoto. Juu kuna ukungu na unavaa sweta. Chini jua linakupiga hadi unatafuta mwarobaini wa kujibanza. Kwa macho ni karibu, ungedhani jiwe ukilirusha litafika. Hiyo tofauti ya juu na chini ndiyo historia yote ya kijiji chetu, na nilimwambia mpwa wangu aiandike kwanza kabla ya majina ya machifu.

Wazee wa Kishambaa walikuwa na majina mawili ya nchi. Mlimani ni Shambaai, kwenye migomba, mvua na baridi. Chini ni nyika. Mtu mwenye akili alitaka vyote viwili, kwa hiyo vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa mlima. Ungeweza kuwa na migomba yako juu, ukashuka kulima nyika, kisha ukapanda kulala nyumbani. Baba yangu ananiambia bibi yake alifanya hivyo mpaka miguu ikakataa. Mzigo wa mahindi kichwani, mtoto mgongoni, mlima mbele. Sisi leo tukipanda ngazi za ghorofa mbili tunahema.

Sasa, kama watu walipenda kulala juu, nani alileta mji pale chini?

Jibu ni Semboja. Mfalme mkubwa wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vuga, mlimani, na alifariki mwaka 1862. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri, hakuridhika. Vita vya ndugu vikafuata, Shekulwavu akang'olewa Vuga, na Semboja akamkalisha mwanawe Kimweri Maguvu kwenye kiti cha ufalme. Yeye mwenyewe hakwenda kukaa Vuga. Alikaa Mazinde.

Ungemuuliza mzee wa zama zile angesema huyu kapotoka, mfalme gani anaishi nyikani? Lakini Semboja alikuwa anatazama njia. Misafara ya biashara kati ya Pangani na Kilimanjaro ilipita bondeni, chini ya mlima. Ilibeba pembe za ndovu, nguo, bunduki na baruti. Ilibeba pia watu. Anayekaa Mazinde anaikamata njia hiyo, na mwenye njia hupata bunduki. Hapa nilisita kidogo kumwambia mtoto wa miaka kumi na mbili, nikaona nimwambie tu: kijiji chetu kilikua kwa biashara, na sehemu ya biashara hiyo ilikuwa kuuza binadamu, wengi wao watu wa jirani waliotekwa wakati wa vita hivyo. Aliuliza, "Babu anajua?" Anajua. Ila siyo habari inayosimuliwa arusini.

Mwenye hamu ya undani atafute kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kumtumikia Semboja. Kimeandikwa kwa Kiswahili chetu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kina mambo ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha.

Semboja alifariki mwaka 1895, Wajerumani wakiwa wameshaingia. Mwaka huohuo walimnyonga mwanawe Mputa. Reli iliyoanzia Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, ikipita palepale ilipopita misafara. Nyuma ya reli ukaja mkonge, na nyuma ya mkonge wakaja manamba, vibarua waliotolewa mbali, kutoka Njombe, Kigoma, Burundi, Msumbiji, wakaitwa hivyo kwa sababu walijulikana kwa namba zao. Ndiyo maana ukikaa barazani Mazinde saa moja utasikia majina ya kila upande wa nchi. Babu mzaa mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuja kwa mkataba, akaoa, hakurudi.

Miaka ya sitini bei ya mkonge ikaanguka, miaka ya sabini watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya kando ya barabara, na Mazinde ikawa hii tunayoijua, yenye shule, zahanati, msikiti, kanisa, vibanda vya chipsi, na malori yanayopita usiku kucha.

Kwa hiyo, watu walishuka. Walishuka kwa biashara, kwa reli, kwa kibarua, kwa amri ya serikali, na siku hizi wanashuka kwa bodaboda. Kila aliyeshuka alipata kitu. Na kila aliyeshuka alikutana na kitu ambacho wazee walikuwa wanakikimbia.

Nilikipata nilipokuwa nikitafuta habari nyingine kabisa. Daktari Mjerumani Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Usambara mwaka 1897 na 1898 kuchunguza homa. Akaandika kwamba wenyeji wa milimani wanasema wakishuka nyikani hurudi na homa. Homa hiyo waliiita mbu. Alipowauliza kwa nini, wakamjibu kuwa huko chini kuna wadudu wanaoitwa mbu, wanaouma, na ndio wanaoleta ugonjwa.

Ilikuwa ni kipindi hichohicho, Agosti 1897, ambapo daktari Mwingereza Ronald Ross huko India aliviona kwa mara ya kwanza vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Wazee wetu hawakuwa na hadubini. Walikuwa na mlima. Aliyelala juu alikuwa mzima, aliyelala chini aliumwa, na aliyeshuka akarudi aliugua akiwa nyumbani kwake. Walihesabu siku, wakapata jibu.

Nilipofika hapo niliweka simu mezani. Nilikumbuka Julai ya mwaka jana.

Shule zilipofungwa Juni, kaka yangu aliwaleta watoto wake wawili Mazinde kwa babu, huyu binti na mdogo wake wa miaka minne. Walikaa wiki mbili. Walicheza nje mpaka usiku, walilala mkekani sebuleni na wenzao saba, chandarua kimoja kimening'inia chumbani kwa bibi. Hakuna aliyefikiria. Sisi wote tulikulia hivyo.

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi Lushoto, yule mdogo akaamka na homa. Anatapika kidogo, hataki uji. Wazazi wakasema ni baridi, ametoka kwenye joto la bondeni ghafla akaingia kwenye baridi ya Julai. Wakampa dawa ya homa ya maji, akapoa, ikarudi. Malaria haikutajwa na mtu yeyote, kwa sababu pale mtaani kwao malaria ni jambo la kusikia redioni. Mimi mwenyewe, mwandishi wa afya, nilipigiwa simu siku ya pili nikasema, "Mvalisheni soksi." Naandika hivyo kwa aibu.

Usiku wa tatu mtoto akakakamaa, macho yakageuka, mikono ikaanza kurusha. Jirani mmoja, mama mwenye nia njema kabisa, akasema ni degedege, na mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, akichomwa atakufa. Kuna mzee wa kumwona kwanza. Kaka yangu ana shahada. Aliniambia baadaye kwamba kwa dakika kadhaa alisimama katikati ya chumba hajui aende wapi. Wifi yangu hakusimama. Alimfunga mtoto kwenye kanga, akatoka nje kutafuta gari.

Muuguzi aliyewapokea alfajiri ile aliuliza maswali mawili matatu ya kawaida, halafu akauliza, "Wiki mbili tatu zilizopita mtoto alikuwa wapi?" Wifi akajibu, "Mazinde." Muuguzi hakusubiri maelezo zaidi. Akamtoboa kidole kwa kile kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea, wakaanza sindano ya artesunate. Ndiyo, sindano ileile aliyokatazwa. Siku ya tatu alikuwa anadai soda.

Hiyo ndiyo sababu nawasimulia jiografia. Mbu anayebeba vimelea akimuuma mtoto, homa haitokei kesho yake. Huchukua angalau siku 7, mara nyingi 10 hadi 15, na wakati mwingine zaidi. Likizo inakuwa imekwisha. Mtoto anaugua akiwa Lushoto, Arusha, Mbeya au Nairobi, mahali ambapo hakuna anayefikiria malaria, na kila mtu anatazama baridi, mafua au chakula alichokula jana. Mtoto aliyekulia kwenye baridi naye hana kinga ambayo watoto wa bondeni huijenga kidogokidogo kwa kuumwa mara kwa mara, kwa hiyo ugonjwa unaweza kumpanda kwa haraka na kwa ukali.

Kuna wanaoniambia malaria imekwisha. Imepungua sana, huo ni ukweli, na Korogwe ni shahidi mzuri. Watafiti walifuatilia vijiji viwili vya wilaya hiyo, kimoja cha bondeni na kimoja cha mlimani. Mwaka 2003, kile cha bondeni kilikuwa na vimelea katika damu ya asilimia 78.4 ya waliopimwa, na kile cha mlimani asilimia 24.7. Kufikia mwaka 2008 bondeni ilikuwa asilimia 13.0 na mlimani 3.1. Ni kazi kubwa imefanyika hapo. Watoto wa Korogwe walishiriki pia kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, na wazazi wao wanastahili asante ambayo sijaona wakipewa. Kitaifa, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi 8.1 mwaka 2022.

Lakini zitazame tena namba za vijiji vile viwili. Juu na chini vyote vilishuka, na bado chini ilibaki mara nne ya juu. Wastani wa taifa haulali Mazinde. Mtoto wako ndiye analala.

Mpwa wangu ana kijiji cha pili. Mama yake ni Mzigua wa Handeni, na nilimshauri akiandike nacho, ingawa mwalimu hakuomba. Handeni ni habari nyingine kabisa. Hakuna ukuta wa mlima wa kukuambia hapa ni salama na pale si salama. Ni nchi ya vilima vidogo, mahindi na mifugo, na shida yake ya miaka yote ni maji, hata ikabidi miaka ya sabini yaanze kujengewa bomba kutoka mto Pangani upande wa Korogwe. Wageni wengi hudhani pakavu hivyo hapana mbu. Wanasahau malambo. Mvua ikinyesha, kila lambo, kila shimo la matofali na kila alama ya kwato za ng'ombe ni mahali pa mbu kutaga. Ndoo za maji tunazihifadhi vizuri kwa sababu ni mali, dimbwi nyuma ya nyumba tunalipita kila siku.

Na kama kuna watu wanaojua thamani ya kukumbuka ulikotoka ni hao Wazigua. Miaka ya 1830 njaa kali iliwasukuma wengi wao pwani, wakapakiwa majahazini na kuuzwa Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, wakazaa, na wakaendelea kuzungumza Kizigua kwa vizazi vyote hivyo. Vita vya Somalia vilipowafukuza mwanzoni mwa miaka ya tisini, baadhi walikuja moja kwa moja Handeni, nchi ambayo hakuna aliye hai kati yao aliyewahi kuiona. Waliwekwa kambi ya Mkuyu, baadaye wakapewa makazi ya Chogo, na wengi wamepata uraia wa Tanzania. Wifi yangu anasema bibi yake aliposikia wageni hao wakiongea alilia, maana walikuwa na maneno ambayo yeye mara ya mwisho aliyasikia kwa nyanya yake.

Tumetoka kidogo kwenye homa, nisameheni. Turudi, maana Desemba hiyoo.

Nyumbani kwetu sasa tumekubaliana hivi. Mtoto anayeshuka Mazinde au kwenda Handeni anakuja na chandarua chake chenye dawa ndani ya begi, hata kama babu atanuna kidogo. Babu alinuna kweli. Alisema, "Kwani nyumba yangu ina kasoro gani?" Mama akamjibu, "Haina kasoro, ina mbu." Yakaisha.

Akirudi akapata homa ndani ya mwezi mmoja, hata kama ni ndogo, hata kama ana mafua, anakwenda kupimwa siku hiyohiyo au kesho yake. Na mzazi asingoje kuulizwa. Aseme mwenyewe akifika dirishani, "Mtoto huyu alikuwa bondeni, alirudi tarehe fulani." Si kila zamu utampata muuguzi kama yule. Akipewa dawa mseto anaimaliza siku zote tatu, homa ikishuka siku ya kwanza haimaanishi vimelea vimekufa.

Usiku ule ukikukuta, mtoto akakakamaa, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimpake mafuta ya taa, usimnyweshe kitu. Toka naye. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, huyo si wa kusubiri kupambazuka. Na sindano ya hospitali haiui mtoto wa degedege. Kinachoua ni zile saa za kuzunguka kabla ya sindano.

Binti alipata alama 18 kati ya 20. Mwalimu alimkata mbili kwa mwandiko, na pembeni ya ile sehemu ya Koch na wazee wa mlimani akaandika kwa kalamu nyekundu: "Nani kakwambia?" Amejibu kwa penseli: "Shangazi. Na mdogo wangu."

Wanashuka kwa babu Desemba 14, wanapanda Desemba 28. Kwenye kalenda ya jikoni kwao Lushoto siku zote kuanzia tarehe ya kurudi hadi mwisho wa Januari zimezungushiwa duara. Ni yeye aliyezizungushia, hakuna aliyemtuma.